Kikohozi cha Wiki Mbili na Hesabu ya Hatari Nyumbani

Kifua kikuu huambukizwaje ndani ya nyumba?
Kwa hewa. Mgonjwa wa TB ya mapafu anapokohoa, vimelea hubaki vikielea chumbani, na anayevivuta anaweza kuambukizwa. TB haienezwi kwa vikombe wala sahani, lakini bado tunaona familia zinazomtengea mgonjwa kikombe chake, kisha zinalala naye madirisha yakiwa yamefungwa.

Tumeishi naye miezi mitatu na hatuumwi. Je, tumesalimika?
Hapana. Kuambukizwa si kuugua. Takriban asilimia 5 hadi 10 ya walioambukizwa huugua wakati fulani maishani, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa watu wanaoishi na VVU.

Hatari ya kuambukizwa nyumbani hukokotolewaje?
Katika miaka ya 1920, wataalamu wa afya na takwimu Wade Hampton Frost na Lowell Reed wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walianzia kwenye uwezekano wa mtu kuepuka maambukizi, wakauzidisha hatua kwa hatua. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila wiki mwanafamilia ana asilimia 5 ya kuambukizwa, yaani asilimia 95 ya kuepuka. Wanafamilia wakiwa wanne, uwezekano wa wote kuepuka kwa wiki mbili ni takriban asilimia 66. Mgonjwa akichelewa kupimwa hadi wiki kumi na mbili, uwezekano huo unashuka hadi asilimia 9 hivi. Ugonjwa ni uleule na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni muda tu.

Je, nijaribu kwanza dawa ya kikohozi ya dukani?
Tafadhali, usifanye hivyo. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe makohozi. Mwenye VVU aende akikohoa tu, bila kuhesabu siku. Chupa ya pili ya dawa ya kikohozi haitibu TB, ila huongeza wiki za kuambukiza wengine. Usisubiri kukohoa damu, na usisubiri kukonda.

Akigundulika, aje peke yake?
Hapana, waje wote wanaoishi naye, hata wasiokohoa, wachunguzwe, na wanaostahili wapewe dawa kinga baada ya kuthibitika kuwa hawana TB. Mtoto anayelala kitanda kimoja na mgonjwa atangulie, kwa sababu hesabu ya hapo juu ilimchukulia kuwa sawa na wengine, naye hayuko sawa nao.