Mshipa wa kisigino haujajikunja

Kigoma hapa, ukipanda kutoka mjini hadi Mwanga huku kisigino kinakuchoma kwa nyuma, kila unayekutana naye ana dawa.

"Huo ni mshipa umejikunja, uchuliwe." Si mshipa, na haujajikunja. Ni kano, ule ugwe mnene unaounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ibane kwa vidole viwili, sentimita mbili hadi sita juu ya kisigino, utasikia imevimba na inauma. Mara nyingi umeizidishia kazi ghafla: umerudi uwanjani baada ya miezi ya kukaa, au umeanza kubeba magunia Kibirizi. Mawese ya moto yalinituliza jioni, sikatai. Asubuhi nikatoka kitandani nikichechemea vilevile.

"Basi pumzika mpaka iishe." Hii ndiyo iliyoniponza. Nilikaa wiki tatu, maumivu yakaisha, nikapanda Mwanga mara moja tu yakarudi yote. Kano isiyo na kazi hudhoofika. Mbio na kuruka punguza, ila mzigo iupate, kidogo kidogo.

Zoezi linalojulikana zaidi alilitangaza daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998. Mtaalamu wa fiziotherapia alinionyesha kwenye ngazi ya mlangoni. Unasimama ukingoni kwa vidole, unashika fremu, unajiinua kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mbovu, kisha unashusha kisigino polepole mpaka kipite usawa wa ngazi. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti umelikunja kidogo. Asubuhi na jioni. Ni mara 180 kwa siku, kwa wiki 12, na majirani watakuuliza unamchungulia nani. Likiwa jepesi, vaa begi lenye kilo chache za mchele.

Ila kama panapouma ni pale pale kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa. Fanyia sakafuni.

"Zoezi likiuma, acha." Si lazima. Ukiyapima maumivu kwa kumi, yasipozidi tano na kesho yake asubuhi hali haijawa mbaya zaidi, endelea.

"Sindano moja inamaliza." Ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza kwa muda, lakini inaweza kuidhoofisha kano hadi ikakatika. Na zile sipro (ciprofloxacin, antibiotiki) tunazonunua bila cheti cha daktari nazo zinaweza kuleta maumivu ya kano au kuikata, hasa kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi. Ikianza kuuma ukiwa unazimeza, ziache, umwone daktari siku hiyo.

Ukisikia "pa!" kama umepigwa teke kwa nyuma, ukageuka hakuna mtu, na kusimama kwa vidole vya mguu huo huwezi, achana na ngazi na mawese. Ita bodaboda, hospitali.