"Mali ikiuzwa hairudishwi": nani kasema?

Maneno hayo yamebandikwa maduka mengi Nairobi, mengine yamepigwa muhuri kwenye risiti. Mimi ni wakili, na wengi wanaonijia ofisini walishakata tamaa waliposomewa tu. Ukweli ni kwamba ukirudisha viatu kwa sababu rangi haikupendezi tena, mwenye duka ana haki ya kukukatalia. Friji isiyogandisha ni habari nyingine. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, pamoja na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Muhuri wa duka haufuti hayo.

Mteja akikaa, namuuliza: unataka pesa zako, au unataka muuzaji aadhibiwe? Wengi hujibu "vyote", na hapo ndipo wanapokwama. Ukitaka aadhibiwe, malalamiko ya matangazo ya uongo huenda kwa Mamlaka ya Ushindani, ya simu na intaneti kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ya stima na mafuta kwa EPRA (mamlaka ya kawi na petroli), ya bima kwa IRA (mamlaka ya bima). Taasisi hizi huchunguza, na zikitoza faini, faini huingia serikalini, si mfukoni mwako.

Ukitaka pesa, anza na barua. Fupi, bila matusi: ulinunua nini, lini, kwa bei gani, kasoro ni ipi, unadai nini, na unampa muuzaji siku ngapi. Ambatisha risiti na meseji ya M-Pesa. Barua iliyoandikwa kwa hasira humpa wakili wa upande wa pili kitu cha kuzungumzia badala ya friji.

Halafu hakikisha unamdai nani. Jina lililo kwenye kibao cha duka mara nyingi si jina lililosajiliwa. Tazama risiti ya ETR (ile ya mashine ya kodi), tazama jina lililotokea ulipolipa kwa Till (namba ya duka ya M-Pesa), kisha fanya utafutaji wa usajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nimeona watu wakishinda kesi dhidi ya jina ambalo halina mwenyewe.

Muuzaji akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021, na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, ingawa ahirisho halikosekani. Unaweza kujisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili, bila wakili (hapa najinyima kazi), na haibanwi na kanuni kali za ushahidi. Ila beba kila kitu siku ya kusikilizwa: picha, meseji, maelezo ya fundi. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni kwa hoja za sheria pekee.