Urafiki wa Ziara ya Okestra: Yanayosemwa Kisumu na Yaliyo Kweli

Wazazi watatu wamenijia mwezi huu na swali moja. Watoto wao, wanafunzi wangu wa vayolini hapa Kisumu, wanakwenda Ujerumani na okestra ya vijana, na linalowakosesha usingizi si noti wala tiketi. "Mwalimu, huko atakaa na nani?" Mimi nilisafiri vivyo hivyo nikiwa na miaka 19. Nilisikia mengi kabla ya kwenda, na mengi zaidi niliporudi. Baadhi yake huwaumiza vijana.

La kwanza husemwa hata na walimu: muziki ni lugha moja duniani, wakishapiga pamoja wataelewana. Sivyo. Sisi wa magharibi ya Kenya tumelelewa na solfa, ule mtindo wa kuimba noti kwa do, re, mi, kanisani na kwenye tamasha la muziki la shule, na kwetu do huhama kila ufunguo unapobadilika. Mfaransa akisema do anataka sauti moja isiyohama, ile tunayoiita C. Mjerumani naye huiita B yetu H, na akisema B anataka B flati, yaani B iliyoshushwa nusu sauti. Siku yangu ya kwanza ya mazoezi kiongozi wa sehemu yetu alitaja B, nikapiga B niliyoijua, na safu nzima ikageuka. Binti niliyeshiriki naye stendi ya noti akachukua penseli, akaandika herufi mbili pembeni mwa karatasi na kunionyesha ipi ni ipi. Urafiki wetu ulianzia kwenye kosa lile, kwa sababu nilimuuliza naye akajibu.

Hata okestra ya West-Eastern Divan, ambayo mwongozaji wa okestra Daniel Barenboim na mwanazuoni Mpalestina Edward Said waliianzisha mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1999 kwa vijana Waarabu na Waisraeli, haikuuachia muziki kazi yote. Mchana walifanya mazoezi, usiku waliketi kujadiliana.

Wengine huhofia Kiingereza cha mtoto. Hapo sina wasiwasi. Wengi atakaowakuta huko Kiingereza si lugha yao ya nyumbani pia, nao hutafuta maneno kama yeye. Isitoshe, wapiga vayolini huketi wawiliwawili kwenye stendi moja: wa ndani hufunua ukurasa huku wa nje akiendelea kupiga. Kufikia siku ya tatu mnajuana hata kwa pumzi.

Kuna wanaosema siku kumi hazitoshi kupata rafiki. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti ulioonyesha kwamba watu huhitaji takriban saa 50 pamoja ili kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Saa 50 kwenye ziara hupatikana kabla ya wiki kwisha. Ila Hall aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazina uzito wa saa za kukaa tu na kupiga gumzo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: kwenye basi, toeni vitu masikioni. Mimi nilikuwa nimebeba orutu ya babu, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, na kati ya mji mmoja na mwingine ilizunguka viti vyote. Wapigaji hodari wa vayolini walihangaika na uzi huo mmoja, wakaniuliza kidole kinakaa wapi. Kwa mara ya kwanza katika safari ile, mimi ndiye niliyekuwa nafundisha.

Sasa lile linaloniuma. Ukirudi Kisumu, swali la kwanza ni hili: "Umepata mzungu? Atakulipia karo?" Dhana kwamba rafiki wa ng'ambo ni mfadhili imevunja urafiki mwingi kuliko umbali. Jamaa walinisukuma, nami nikamwandikia yule binti nikimwomba pesa za kununua vayolini. Alijibu kwa upole kwamba hata yeye yake ni ya kuazima shuleni, na kwamba hufanya kazi mkahawani wikendi. Kisha kimya, miezi minne. Nilikuwa nimegawana naye stendi siku kumi bila kujua hilo, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza. Nilimwomba msamaha, nashukuru aliupokea. Kwa hiyo wazazi wangu, nawasihi: msimpe mtoto orodha ya kuomba. Mpeni kitu cha kupeleka, hata kama ni wimbo wa nyanya yake.

Na je, mkiagana uwanja wa ndege ndiyo mwisho? Kwa wengi, ndiyo, na hilo si kosa la mtu. Tulibadilishana namba watu zaidi ya thelathini. Ninaoongea nao hadi leo ni wawili. Hao wawili tuna jambo tulilopatana: kila mwezi tunachagua zoezi moja, kila mtu anajirekodi na kutuma, pamoja na makosa yake. Siku ya kusikilizana tunapiga simu saa mbili usiku ya Kisumu. Kwao, wakati wa kiangazi, huwa saa moja, na bado jua liko nje. Saa zao zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, huwa saa kumi na mbili na giza limeshaingia. Jumapili hii ni zamu yangu kuchagua.