Je, wajua kwa nini mshipi wa waya hula pete za fimbo ya kuvulia?

Chukua fimbo ya kuvulia iliyotumika miaka kadhaa na mshipi wa waya, kisha pitisha ukucha ndani ya pete ya nchani, mojawapo ya zile ambamo mshipi hupitia. Mara nyingi ukucha utakwama mahali. Hapo pana mfereji mwembamba, kama uliochongwa kwa msumeno wa sonara. Pete imelika. Wengi husema chuma kimekata chuma, basi. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomsaidia mvuvi kuchagua pete itakayodumu.

Mtu huvua kwa waya kwa sababu anataka kina. Katika kurambaza, yaani kuburura chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, maji huuinua mshipi wa nailoni na chambo kikaishia juu juu. Nailoni imeizidi maji uzito kidogo sana. Chuma kina uzito wa karibu mara 8 ya maji ya ujazo uleule, hivyo waya wa nusu milimita huzama wenyewe bila kufungiwa chubwi. Wengine hupenda waya wa chuma kisichoshika kutu, wengine Monel, aloi ya nikeli na shaba iliyopewa hataza mwaka 1906.

Tatizo huanzia pale waya unapogusa pete. Nailoni ikibanwa hulala kidogo na kutandaza mzigo. Waya haulali, uzito wote unakaa kwenye mstari mwembamba mno, na kila unapotoka na kurudi hupita palepale. Umewahi kuona ukingo wa kisima cha zamani uliochimbwa na kamba? Kamba ni laini kuliko jiwe, lakini hubeba mchanga, na mchanga ndio unaokata. Waya nao hutoka majini na chembe za mchanga na chumvi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, mchanga wa kwatzi uko 7, na chuma cha pete za kawaida mara nyingi kiko chini ya hapo. Kwa hiyo waya unafanya kazi ya mpini, na tupa yenyewe ni ule mchanga.

Je, pete zilizopakwa kromu? Kromu ni ngumu kuliko mchanga, ila ni ngozi nyembamba yenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Maji ya chumvi hupenya humo, kutu huanza chini kwa chini, ngozi hubanduka, na kuanzia siku hiyo waya unakula chuma kitupu.

Pete ya nchani huumia kuliko zote, na hesabu yake ni nyepesi. Mshipi uliovutwa kwa nguvu ya kilo 5 ukipinda kwa pembe ya nyuzi 10 tu katika pete ya katikati, pete hiyo hubeba chini ya kilo 1. Mshipi huohuo ukipinda nyuzi 90 pale nchani, pete hubeba takriban kilo 7, zaidi ya nguvu ya mshipi wenyewe. Kwa hiyo kama fedha haitoshi kubadilisha pete zote, mimi ningeanza na ya nchani bila kusita.

Sasa, kitu gani kinaweza kuuhimili waya? Jibu ninalolipenda linatoka kwenye kiwanda cha waya wenyewe. Waya hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu dogo, kisha dogo zaidi, hadi ufikie unene unaotakiwa. Tundu hilo mara nyingi ni la kabidi ya tangsteni, yaani tangsteni iliyoungana na kaboni ikawa ngumu mno. Ujerumani, mwaka 1923, Karl Schröter wa kampuni ya Osram aliomba hataza ya kabidi iliyoshikanishwa kwa metali, na haja iliyosukuma kazi hiyo ilikuwa kuvuta nyuzi nyembamba za balbu za taa bila kutegemea matundu ya almasi, ambayo ni ghali. Pete ya kabidi ya tangsteni, basi, inakutana na waya ambao kabidi ya aina yake iliushinda tangu kiwandani. Kasoro yake ni kwamba kobalti, metali inayoishikanisha, huliwa polepole na maji ya chumvi, kwa hiyo isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya kuvua.

Pete za kauri nazo ni ngumu sana. Oksidi ya alumini iko 9 kwa Mohs, na kabidi ya silikoni huizidi. Hii ya pili ndiyo ileile inayowekwa kwenye msasa na mawe ya kunolea, isipokuwa kwenye pete imeng'arishwa mpaka iwe laini kama kioo. Waya huchoka kabla pete yenyewe haijachoka. Lakini kauri haipendi kugongwa. Fimbo ikiangukia ukingo wa chombo, ufa mwembamba kama unywele unatosha kuugeuza mduara huo wembe.

Kuna pia pete zenye roda, yaani kigurudumu kidogo kinachozunguka pamoja na mshipi badala ya kusuguliwa nao. Zinafaa sana mradi roda izunguke. Chumvi ikiigandisha, inakuwa kipande cha chuma kilichosimama, na waya huichimba upande mmoja. Nafasi kati ya roda na fremu nayo ikiwa pana, waya huteleza humo, hukunjika, kisha hukatikia pale ulipokunjika.

Kabla ya kuvua, pitisha uzi wa pamba ndani ya kila pete na kuuzungusha taratibu. Ukinasa hata unyoya mmoja, badilisha pete hiyo, hasa kama siku nyingine fimbo ileile huvalishwa nailoni. Waya unaweza kuendelea kupita mferejini msimu mzima, lakini nailoni hukwanguliwa kimyakimya na kukatika siku samaki mkubwa anapovuta.