Umekatwa pesa usizozijua mtandaoni? Anzia kwenye barua pepe

Saa mbili na nusu asubuhi, hata hatujamaliza kufungua madirisha ya tawi, aliingia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani. Buibui lake lilikuwa na vumbi la chokaa, maana alikuwa na mafundi nyumbani, na simu ameishika kama anayeogopa itamponyoka. Hakutaka kukaa. "Mwanangu, kuna mtu anakula pesa zangu nami niko macho."

Akanionyesha mesej tatu za benki. Ya kwanza ilisema amekatwa dola 1, Alhamisi usiku. Ya pili dola 86, ya tatu dola 240, zote mbili za Jumamosi kabla ya alfajiri, zikiachana kwa dakika nne. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. "Hii ya dola moja niliiona," akasema, "nikadhani ni ada ya benki."

Kauli hiyo ya ada ya benki nimeisikia mara nyingi tangu nikae kwenye dawati la malalamiko ya kadi katika tawi letu la benki hapa Amu, mji wa Lamu. Ukikatwa dola moja au senti kadhaa na kampuni usiyoijua, mara nyingi ni mwizi anajaribu ufunguo: anataka kujua kama kadi iliyo nyuma ya akaunti yako ya malipo ya mtandaoni, kama ya PayPal, bado iko hai na kama mwenyewe ataamka. Kukiwa kimya, hurudi na gunia. Kwa hivyo mesej ya kiasi kidogo ndiyo ya kukimbiliwa, kuliko hata ile kubwa, kwa sababu ikifika bado kuna cha kuokoa.

Mama huyu ameniruhusu nisimulie kisa chake, nami nimegeuza mambo mawili matatu asitambulike. Mji wetu unajulikana. Habari hufika Shela kabla ya mashua.

Tulipokaa, jambo la kwanza lilikuwa kujua makato yale ni ya aina gani, maana si kila pesa usiyoikumbuka imeibwa. Kuna makato uliyoyasahau. Jina linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti aghalabu si jina la duka ulilonunua; huwa ni la kampuni mama, au la kampuni inayowapokelea wengine malipo. Kijana mmoja wa Langoni alikuja amefura, anakatwa dola tisa kila mwezi na "wezi". Tulipofuatilia tukakuta ni programu ya kuhariri picha aliyoipakua wakati wa Maulidi, siku saba za bure, akaitumia siku mbili na kuisahau. Huo ni usajili, na dawa yake ni kuingia kwenye akaunti ya malipo, kutafuta sehemu ya malipo ya kujirudia na kuukatiza pale pale. Wengi hudhani wakibadilisha kadi mambo yamekwisha. Mitandao ya kadi kama Visa ina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi yako ili usajili usikatike, kwa hivyo deni linaweza kukufuata hadi kwenye kadi mpya.

Kuna makato uliyoyaidhinisha mwenyewe baada ya kudanganywa: ulibonyeza kitufe cha kulipa, au ulimsomea mtu tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako. Halafu kuna yale yaliyofanywa na mtu mwingine bila wewe kujua kabisa.

Nasisitiza tofauti hizi kwa sababu neno utakaloandika kwenye lalamiko ndilo litakaloamua njia lalamiko lako litakayopita. "Sikuidhinisha malipo haya" ni tamko zito. Ukiliandika juu ya usajili ulioufungua mwenyewe, kampuni itatazama kumbukumbu zake, itaona simu ni yako, intaneti ni ya nyumbani kwako, na mara kumi zilizopita ulilipa bila neno. Itafunga kesi, na siku utakayoibiwa kweli utakuwa na doa. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyenunua vito vya mchezo kwa simu ya babake: kampuni nyingi huhesabu kwamba uliyempa simu na neno la siri umempa na ruhusa. Na kama ulidanganywa, sema umedanganywa, eleza namna. Watu huona haya kusema, wakaamua kuandika kwamba hawajui lolote, kisha kumbukumbu zikawaumbua. Haya hiyo inawatia hasara ya pili.

Turudi kwa mama. Yake yalikuwa ya aina ya tatu, lakini kilichonishtua si makato yenyewe. Nilimwuliza: kampuni ya malipo ilikuandikia nini? Akasema haikumwandikia chochote. Kampuni hizi hutuma barua pepe kwa kila senti inayotoka. Kukosa risiti moja huweza kuwa bahati mbaya. Kukosa zote tatu kuna mkono wa mtu.

Tukafungua barua pepe yake, si kikasha cha barua bali mipangilio, sehemu ya kanuni za kupanga barua, ambayo wengi wetu hatujawahi kuigusa. Pale palikuwa na kanuni moja tu: barua yoyote yenye jina la ile kampuni ya malipo iwekewe alama ya kusomwa na itupwe kwenye takataka. Mama hakuiweka yeye. Tulipofungua takataka tukakuta barua nne zimelala: taarifa kwamba kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti, na risiti tatu.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mwizi hakuanzia kwenye pesa, alianzia kwenye barua pepe. Mwenye barua pepe yako anaweza kuomba neno jipya la siri la karibu kila akaunti uliyonayo, na majibu yote yatamfikia yeye. Ukibadilisha neno la siri la akaunti ya malipo huku barua pepe iko mikononi mwake, umefunga mlango wa chumba ukamwachia ufunguo wa nyumba nzima.

Aliipataje? Wiki mbili nyuma, mama alipata ujumbe wa "mgeni" kutoka Ulaya anayetaka vyumba viwili, eti malipo yamegoma, athibitishe kupitia kiungo. Ukurasa uliofunguka ulifanana kabisa na ule anaoutumia kila siku kupokea wageni, naye akaandika anwani ya barua pepe yake na neno lake la siri. Anwani ilianza kwa jina la mtandao ule mkubwa, na jicho la mtu mwenye haraka huishia hapo. Anwani ya tovuti isome kwa kurudi nyuma: tafuta alama ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha tazama maneno mawili matatu yaliyo kabla yake. Hayo ndiyo ya mwenye tovuti. Yaliyotangulia mtu anaweza kuandika apendavyo, kama anavyoweza kuandika jina la Ngome kwenye ubao wa kibanda.

Kazi tuliyoifanya asubuhi ile ilichukua kama dakika arobaini. Kwa kuwa pesa zingeweza kutoka tena wakati wowote, kadi tuliifunga kwanza kwa muda, jambo ambalo programu nyingi za benki hukuruhusu kulifanya mwenyewe bila kuja tawini. Kisha barua pepe: neno jipya la siri lisilotumika kwingine, kuvitoa vifaa vyote vilivyoingia, kufuta ile kanuni, kutazama kama namba ya simu ya kurejeshea akaunti bado ni yake. Ndipo tukaja kwenye akaunti ya malipo. Huko pia neno la siri likabadilishwa, kifaa kigeni kikatolewa, na uthibitisho wa hatua mbili, yaani kudaiwa namba ya muda juu ya neno la siri, ukawashwa, kwa programu maalumu ya namba za muda badala ya ujumbe mfupi. Sababu ya kukwepa ujumbe mfupi ni wizi wa laini: tapeli humshawishi mtu wa dukani amtolee laini mpya yenye namba yako, na tarakimu sita zako zikaingia kwake. Simu yako ikikosa mtandao ghafla huku jirani anao, usiseme ni mlingoti wa Mokowe; azima simu upige kwa kampuni yako.

Hayo yakiisha ndipo unaandika lalamiko, nalo liwe fupi. Namba ya muamala, tarehe, kiasi, na sentensi moja: muamala huu sikuufanya wala sikumruhusu mtu kuufanya, na niliutambua siku fulani. Ambatanisha picha za skrini. Angalia saa vizuri. Risiti za kampuni za Marekani mara nyingi huandikwa kwa saa za Pasifiki, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu. Kuna mtu nusura nimkatalie kwa ajili hiyo: aliapa alikuwa amelala, na risiti inasema saa kumi alasiri. Kumbe ya huko ilikuwa alasiri, hapa ni saa tisa za usiku, yeye yuko ndotoni.

Upeleke wapi? Kwenye kampuni ya malipo, kupitia sehemu yake ya kutatua migogoro ndani ya akaunti, si kwa namba uliyoipata kwenye matokeo ya kutafuta, kwani matapeli hununua matangazo na kuweka namba zao juu kabisa. Benki nayo ijulishwe siku hiyo hiyo. Lakini usidai muamala mmoja kote kuwili kwa wakati mmoja. Ukianzisha dai la kadi benki, PayPal kwa mfano hufunga kesi uliyofungua kwao na kusubiri uamuzi wa benki. Mimi huwashauri watu waanze na kampuni ya malipo, huku wakihesabu siku.

Na siku hizi huchanganya hata wajuzi. PayPal humpa mnunuzi siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro na muuzaji, na mgogoro huo usipougeuza kuwa dai rasmi ndani ya siku 20 hujifunga wenyewe. Lakini upande wa kadi, Visa huipa benki siku 120 tu kurudisha muamala wa ulaghai kwa benki ya muuzaji. Mtu akibembelezana na muuzaji miezi mitano akidhani ana muda, akija kwetu mlango wa kadi umeshafungwa. Nami mwenyewe nimemwambia mteja hivyo ana kwa ana, na si jambo la kupendeza.

Ukiona muamala umeandikwa kuwa unasubiri, bado toa taarifa. Benki kwa kawaida haiwezi kuufungulia dai kabla haujakamilika, lakini muuzaji anaweza kuufuta, na wakati mwingine hujiangukia wenyewe. Ile dola 1 ya mama ilirudi namna hiyo.

Kwa wanaotumia M-Pesa, njia ni nyingine. Uliyetuma pesa kwa namba isiyo sawa, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla aliyezipokea hajazitoa. Namba ya tapeli ipeleke 333. Na Safaricom ikikupigia hutumia 0722 000 000 peke yake. Anayejitambulisha kwa namba nyingine, hata akijua jina lako la tatu, kata simu.

Polisi nenda, uandikiwe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inaufanya ulaghai wa namna hii kuwa kosa la jinai, na namba ile itakufaa benki ikitaka ushahidi. Benki isipokushughulikia, Benki Kuu ya Kenya hupokea malalamiko, mradi uonyeshe kwamba ulianza na benki yenyewe. Ndiyo maana kila unachowaandikia kiwe kwa maandishi.

Ukija kwenye dawati letu njoo na simu yenyewe na kitambulisho. Usituletee pini wala neno la siri kwenye karatasi, kama bwana mmoja alivyofanya kwa nia njema kabisa. Nilimrudishia karatasi yake imekunjwa, na nikamwomba abadilishe pini kabla hajatoka mlangoni.

Siku tisa baada ya Jumatatu ile, mama wa Mkomani alipigiwa simu na mtu mwenye Kiswahili kizuri cha ofisini. Alijua kiasi, dola 86 na dola 240, akajua hata tarehe. Akasema yeye ni wa kitengo cha kurejesha fedha, na kwamba zimeshapatikana, imebaki ada ya shilingi 3,500 ya kuzifungua. Bila shaka ni yule yule, au aliyeuziwa habari na yule yule. Aliyekwisha kuibiwa huwekwa kwenye orodha na kurudiwa. Mama akamwambia, "Ngoja nivae viatu," akamwacha hewani, akashuka mpaka kwetu na simu ikiwa bado imeunganishwa. Nilipoipokea na kusema jina la tawi, ikakatika.

Pesa zake ziliingia wiki ya tatu, Jumanne, kwa mafungu mawili, pamoja na barua pepe mbili za kampuni ambazo safari hii zilikaa kikashani. Hakuna aliyempigia simu, wala aliyemdai ada.