Je, wajua adhana iliingiaje kwenye misa?

Aprili 2000, katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, iliimbwa kwa mara ya kwanza misa ya Karl Jenkins, mtunzi kutoka Wales. Jina la misa hiyo ni The Armed Man, mtu mwenye silaha. Walioiagiza ni Royal Armouries, makumbusho ya silaha ya Uingereza, na mtunzi aliitabaruku kwa wahanga wa vita vya Kosovo. Inaanza kijeshi hasa: ngoma za gwaride, halafu wimbo wa Kifaransa wa karne ya 15 unaomtaka kila mtu avae deraya. Makelele yakishakoma, sauti ya mtu mmoja inaadhini.

Hakuna fidla inayomsindikiza wala kwaya inayomwitikia. Kwa nini? Mbona kwaya nzima iko pale pale jukwaani?

Kwanza kuna heshima. Kwa Mwislamu adhana si wimbo, hata iwe tamu namna gani. Ni mwito wa ibada, na kuipigia ala ni jambo ambalo wengi wangelikataa papo hapo. (Hata bila ala, ni ajabu kidogo: watu wanaitwa kuswali, nao wamekaa vitini na tiketi mfukoni.)

Halafu kuna tatizo ambalo mwalimu yeyote wa kwaya atalitambua. Soprano, alto, teno na besi zinapatana kwa sababu kila sauti inakaa mahali pake, na mahali penyewe ni zile noti 12 za kinanda. Mwadhini hafungwi nazo. Anakwenda kwa maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, anapita katikati ya noti mbili jirani, anavuta neno kadiri pumzi yake inavyofika, wala hahesabu mapigo. Mpiga fidla wa taarabu anaijua njia hiyo. Mwenye kinanda cha kawaida hana kitufe chake. Sasa mwekee mwadhini besi chini yake: ama ainyooshe sauti yake ifuate kinanda, ama kwaya ionekane imetoka kwenye ufunguo. Jenkins aliukwepa mtego huo kwa kuacha adhana iishe, ndipo kwaya ianze Kyrie, yaani "Bwana, utuhurumie". Sala mbili zinafuatana bila kuguswa.

Lakini mwenzake alishauingia mtego huo miaka mingi kabla. David Fanshawe, Mwingereza, kuanzia 1969 alizunguka Misri, Sudan, Uganda na Kenya akiwa na kinasa sauti. Mwaka 1972 kazi iliyotokana na safari hizo, African Sanctus, iliimbwa London. Humo bwola, ngoma ya Waacholi wa Uganda, inakwenda pamoja na "Mtakatifu" wa Kilatini. Na kwenye Kyrie, adhana aliyoinasa Cairo inatoka kwenye spika wakati uleule kwaya inaimba. Kanda haisikilizi mtu, kwa hiyo kwaya ndiyo inayolazimika kuifuata. Wakishuka sauti kidogo tu, ukumbi mzima unajua.

Kwa masikio yangu, Fanshawe anasisimua zaidi. Sala mbili zikipanda pamoja, mwili unakusisimka. Ila mwadhini wa kwenye kanda hakuwa akiimba na mtu, na misa imejengwa juu ya sauti yake. Kwa Jenkins, adhana inabaki adhana, na ndiyo maana naona njia yake ni salama zaidi kwa mtunzi wa huku kwetu mwenye waumini wa dini mbili ukumbini.

Tena Jenkins huyohuyo hakuwa mwangalifu hivyo kila mahali. Baadaye katika misa hiyo kuna maneno ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindi, kuhusu wanyama wanaoteketea motoni. Yanaimbwa kwa Kiingereza, na muziki wote ni wake mwenyewe. Hapo alichokopa ni maneno tu, na kwaya inaweza kuyaimba kwa sauti nne bila kumkwaza mtu.