Uwiano wa kuserereka, na glaida za zamani za mafunzo

Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa juu na ndege nyingine au kwa waya wa winchi, kisha huachiwa. Kuanzia hapo inashuka huku ikisonga mbele. Uwiano wa kuserereka ni umbali inaokwenda kwa kila mita ya kimo inayopoteza. Uwiano ukiwa 22 na hewa imetulia, kimo cha kilomita moja kinakupa safari ya kilomita 22.

Tupige hesabu kwa ziwa letu, Victoria. Mwanza mjini hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 49. Schweizer 2-33, glaida ya Kimarekani ya viti viwili ya miaka ya 1960, ina uwiano wa takriban 22, kwa hiyo ingehitaji kuanzia zaidi ya mita 2,200 juu ya maji. ASK 21 ya Ujerumani, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ina 34. Mita 1,450 hivi zingeitosha. Njiani usitegemee kuongeza kimo, maana mchana maji huwa baridi kuliko nchi kavu. Hewa ya moto inayopanda iko huku kwenye majabali na mabati, ndiko mwewe na kongoti wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, wanakozunguka bila kupiga bawa. (Wao hawalipi ada ya klabu.)

Je, 2-33 iliwafaa wanafunzi? Kwa hatua za kwanza, sana. Kiunzi chake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, mwendo wake wa taratibu, na mwanafunzi akitua kwa kishindo mara nyingi haivunjiki. Zilitengenezwa zaidi ya 500.

Shida huja baadaye. Uwiano mdogo humfunga mtu karibu na uwanja: akikosa hewa inayopanda kwa dakika chache, hana budi kurudi. Anajua kuruka na kutua, lakini safari ndefu, ambayo kwangu ndiyo utamu wenyewe wa mchezo huu, hajaionja.

Wanaosema uwiano mdogo wa 2-33 ni lawama ya enzi zile wananishangaza. ASK 13, glaida ya mafunzo ya Ujerumani, iliruka mara ya kwanza 1966, nayo ni ya mabomba na kitambaa, ila uwiano wake ni kama 27. Blanik L-13 ya Chekoslovakia, ya 1956, ilifika 28. Blanik umri uliiathiri kwa njia nyingine: mwaka 2010 bawa la mojawapo lilikatika angani Austria kwa uchovu wa metali (metali kudhoofika kwa kutumika mara nyingi), nyingi zikazuiwa kuruka.